Usimpeleke Kwenye Sifuri

Bweni la Wasichana,
Chumba cha Mlezi,
Jumapili mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi yangu, na mama yetu, ambaye natumaini mguu wake sasa unamruhusu kufika uani bila kumgombeza kila aliye karibu. Sisi huku ni wazima. Binti yako ni mzima, anakula, anasoma, mashavu yamejaa, na jana aliazima mwavuli wangu ambao najua sitauona tena. Nimeanza na uzima wake kwa makusudi, maana nakujua, ungeruka mistari yote kwenda kuutafuta.

Ujumbe wako niliupata mwanzoni mwa juma, asubuhi. Mchana ukautuma tena, na jioni wifi akanitumia uleule akidhani haukufika. Umefika, jamani! Nilijaribu kupiga simu, lakini wewe kwenye simu husikiliza kwa mdomo. Nimeona nikuandikie barua, kwa sababu barua huwezi kuikatiza.

Unasema gazeti limechapisha jedwali la uhalifu vyuoni, na chuo chetu kimekaa juu kabisa, matukio sitini na moja kwa mwaka, wakati kile cha ng'ambo ya mji kina sifuri. Unasema umeshamwombea binti nafasi huko kwenye sifuri na mwisho wa mwezi unakuja na gari kumchukua yeye na sanduku lake. Halafu ukamalizia kwamba ulinikabidhi mtoto, nami nimemweka kwenye pango la wezi. Kaka, hilo la mwisho liliniuma. Niliitupa simu kitandani, na bahati yangu godoro lile ni nene.

Sasa nisikilize. Gazeti halijadanganya. Sitini na moja ni yetu, na mimi dada yako naionea fahari. Usiikunje barua. Endelea kusoma.

Unakumbuka mwaka ule zahanati yako ilipopata mashine ya kupimia sukari? Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari kwenye hesabu zako walikuwa wawili, watatu. Mashine ikaja, wakajaa hadi barazani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba tabibu ametuletea ugonjwa, na mzee mmoja akakataza wanawe wasipite mlangoni kwako. Ulirudi nyumbani ukapiga meza mpaka chumvi ikamwagika, ukasema ugonjwa ulikuwapo siku zote, kilichokosekana ni kipimo. Mimi nilikuwapo, na chumvi niliizoa mimi. Basi leo nakurudishia maneno yako mwenyewe.

Baada ya ujumbe wako sikukaa kitako. Juzi nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kukiona hicho chuo chako cha sifuri. Nilijitambulisha kuwa ni shangazi anayemtafutia mtoto wa kaka yake nafasi, jambo ambalo kwa upande wako si uongo. Ni kuzuri, sikufichi. Maua yamekatwa sawasawa, kuta nyeupe, na getini kuna bango kubwa linalosema hicho ni chuo salama. Nikaomba kuona bweni. Kaka yangu, kila mlango una makufuli mawili, mingine matatu! Wasichana wanakwenda darasani na pasi ya nguo mkobani. Mmoja nilimkuta anaelekea kuoga na kompyuta yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayebeba samaki. Nje ya geti kuna kibanda ambacho hakiuzi kitu kingine ila makufuli, ya kila saizi, na mwenye kibanda aliniambia kwa furaha kwamba biashara ni nzuri mno, anatafuta mahali pa kufungua cha pili.

Nilimuuliza mlinzi, mtoto wangu akiibiwa hapa anakwenda kusema wapi. Akanieleza taratibu, kama anayesoma sala, kwamba alete barua ya mkuu wa idara yake, mashahidi wawili, na risiti ya kitu kilichoibwa, kisha mzazi aitwe. Nikamuuliza ni wangapi wamewahi kukamilisha hayo yote. Akasema yeye ana miaka mingi pale na hajamwona hata mmoja. Lo! Hapo ndipo sifuri inapozaliwa. Nilipotoka nilimuuliza yule msichana wa kompyuta kama kuna wizi bwenini. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama mvua inalowesha. Alisema sifuri ni ya ofisi, wao wana makufuli.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo mimi nisingeijua, nimeelezwa na mwalimu wetu wa takwimu, yule ambaye wanafunzi humwita Bwana Wastani. Anasema chuo chetu kina wanafunzi mara sita ya kile, kwa hiyo kuziweka namba mbili bega kwa bega bila kusema hilo ni kama kupima uzito wa ng'ombe na wa kuku halafu kumlaumu ng'ombe. Pili, sisi tunahesabu mpaka barabara ya kwenda kituo cha basi, kwa sababu wanafunzi wetu hupita huko. Wao huhesabu mpaka ukutani tu. Anayenyang'anywa mkoba hatua moja nje ya geti, kwao hajanyang'anywa. Nilifurahi nikaanza kujigamba kwamba basi namba kubwa ndiyo nzuri. Akanizima palepale. Alisema kuna mahali namba ni kubwa kwa sababu hali ni mbaya kwelikweli, na kuna mahali ni ndogo kwa sababu hali ni njema, na jedwali peke yake halitakwambia ni lipi. Ukiona namba, alisema, uliza nani anahesabu, nani anaogopa kuhesabiwa, na akishasema anafanyiwa nini. Nimekuandikia kama alivyosema, hata pale aliponiharibia raha yangu.

Sasa nirudi kwetu. Hapa chuoni tulikuwa na ngao. Ngao ya mbao, imepakwa rangi ya dhahabu, na kila mwisho wa mwaka ilikabidhiwa kwa mlezi wa bweni lenye matukio machache zaidi. Aliyeibuni nadhani alikuwa na nia njema. Lakini mlezi jirani yangu alikaa nayo miaka mingi mpaka akaitundikia kalenda. Msichana akija kwake analia kwamba simu imeibwa, kwanza ataulizwa aliiweka wapi, pili kwa nini hakufunga mlango, tatu ana hakika gani, na mwisho ataambiwa kwa upole kabisa, mwanangu, unataka kutupotezea ngao? Si mtu mbaya, usinielewe vibaya. Nikiugua yeye ndiye huniletea chai. Ila ngao ilikuwa imemkaa rohoni.

Mimi je? Mimi kila mwaka nilishika mkia. Wasichana wangu walinieleza kila kitu, nami kila kitu nikakipeleka ofisini, mpaka wizi wa ndoo. Kwenye mkutano wa mwaka walezi wenzangu walinibatiza jina la Mama Mikosi, na mkuu wa chuo aliyepita alikuwa akiniambia mbele za watu kwamba labda nihamie kufuga kuku. Nilicheka nao. Nikifika chumbani nilikuwa silicheki tena jambo hilo.

Halafu akaja Afande. Ni mama mmoja mstaafu wa polisi, mfupi, sauti kama honi ya lori, amewekwa kuwa mkuu wa ulinzi. Siku ya kwanza alituita walezi wote, akaitaka ngao, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza ni nani aliyeshika mkia. Nikanyoosha mkono kama mtoto aliyekutwa na maembe ya watu. Akasema vizuri, kazi itaanzia kwako. Nilidhani nafukuzwa, kumbe ananisifu! Akaagiza benchi liwekwe nje ya ofisi yake, pazia mlangoni, na mwanamke wa kupokea wanaokuja. Akapiga marufuku swali la kwanza kuwa ulikuwa unafanya nini huko. Akasema pia wizi uitwe wizi, usiitwe upotevu, na mtu aliyeshikwashikwa asiandikwe chini ya utovu wa nidhamu kana kwamba wote wawili wamekosea.

Benchi likakaa tupu majuma kadhaa. Nyoka angeweza kutaga mayai juu yake. Wasichana walipita wakiliangalia kwa pembeni, na yule jirani yangu akaanza kuniuliza kwa utani kama nimeshapata mteja.

Kisha akaja msichana mmoja wa mwaka wa kwanza. Nitamwita Wa Kwanza, maana ndivyo alivyokuwa. Alikuwa ananisaidia kukunja mashuka mchana mmoja, tumeshika pembe mbili mbili, na ghafla akasema bila kuniangalia kwamba yule fundi wa mashine za kutoa nakala, anayekuja na kadi ya kampuni shingoni, alimwomba amshikie mfuniko wa mashine kule kwenye ujia wa nyuma ya maktaba, na alipouinua mikono yake yote miwili ikiwa juu, akamshika pasipostahili. Alipopiga kelele yule bwana akatabasamu akasema samahani dada, nafasi ni finyu. Basi msichana akabaki anajiuliza labda kweli nafasi ni finyu. Labda yeye ndiye aliyesimama vibaya.

Kaka, shuka liliniponyoka. Nilitaka kwenda na ufagio kumtafuta mtu yule. Wa Kwanza akanishika mkono akasema hapana, anataka kwenda kukaa kwenye benchi. Alikwenda mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya foleni ya maktaba, akakaa. Mimi nilikaa kando yake.

Afande alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza ukweli kwamba neno la mmoja dhidi ya mmoja ni zito kulisimamisha, lakini mtu wa namna hiyo hamtendei mmoja peke yake. Wa Kwanza akarudi bwenini, akawakusanya wenzake kwenye sebule ya kusomea, akasimama akawasimulia kila kitu, mpaka ile kauli ya nafasi ni finyu.  Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akaanza kulia. Na mwingine kando ya dirisha akasema, kwa sauti ndogo, hata mimi aliniambia hivyohivyo.

Wee! Kesho yake benchi halikutosha. Tukaleta la pili kutoka ukumbini. Walikuja kwa wakati wao, kila mmoja na pazia lake, na kutoka vinywa tofauti ilitoka sentensi ileile, samahani dada, nafasi ni finyu. Wengine walikuja na mambo mengine kabisa, simu zilizoibwa, mkoba ulionyakuliwa njia ya kituo, mvulana aliyekuwa akimtishia mpenzi wake wa zamani. Mmoja alikuja kuripoti kandambili, tena ya mguu wa kushoto peke yake. Afande akamwandika naye. Hapo ndipo sitini na moja ilipotoka, kaka. Wahalifu hawakuongezeka hata mmoja. Woga ndio uliopungua.

Yule fundi akakamatwa, akafikishwa mahakamani. Na sikia wakili wake alivyokuwa mjanja. Alisimama na hesabu za chuo chetu za miaka iliyopita, akamsomea hakimu kwamba mwaka juzi matukio ya namna hii sifuri, mwaka jana sifuri, na mteja wake alikuwa akitengeneza mashine hapo miaka yote hiyo. Iweje mwaka mmoja ghafla wajae mabenchi mawili? Basi wasichana wamepanga.  Zile sifuri ambazo tuliwahi kuzipigia makofi ukumbini, sasa zilikuwa zinamtetea mtu yule.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mwendesha mashtaka akamwita shahidi wa mwisho, mwanamke kijana, nesi, bado amevaa sare yake ya kazini. Akasema alisoma chuo chetu. Akasema mwaka mmojawapo wa hizo sifuri, yeye alikuwa ameshika mfuniko. Alikwenda kumwambia mlezi wake, akaulizwa kama anataka kupoteza ngao. Hakuwahi kulisema tena mpaka aliposikia kuna msichana mdogo amekaa kwenye benchi peke yake. Hakimu akamuuliza mtu yule alimwambia nini baada ya tendo hilo. Nesi akageuka, akamtazama usoni, akasema, samahani dada, nafasi ni finyu. Mahakama nzima ikaguna. Wakili akakaa chini akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Amefungwa, kaka! Amefungwa miaka mingi! Tulitoka nje tukiwa tunaruka, mimi na kiuno changu hiki. Wasichana walimnyanyua Afande juu, naye akawaamuru kwa honi ile wamshushe, wakakataa. Jirani yangu mlezi alikuwapo pia. Alimfuata yule nesi hadi kwenye ngazi akamshika mikono yote miwili, na sijui alimwambia nini, ila wote wawili walilia. Jioni hiyo aliiteremsha ngao mwenyewe, akaja kuniletea. Sasa inafunika pipa la maji nyuma ya bweni langu, na kwa kazi hiyo inafaa sana.

Tangu wakati huo ule ujia una taa na mlango wa kioo. Mwizi wa mikoba wa njia ya kituo naye amepatikana, kwa sababu wengi walisema na maelezo yakashikana. Mwakani namba itashuka, na safari hii itashuka kihalali. Huko uendako wewe na gari lako haiwezi kushuka, maana haijawahi kupanda.

Sasa kaka yangu, ukiwa umesimama, kaa. Mwite wifi akae kando yako.

Wa Kwanza ni binti yako.

Nimemwomba ruhusa kukuandikia haya, amenipa. Barua hii ameisoma kutoka juu mpaka hapa, amecheka kwenye kandambili na kunisahihisha maneno mawili. Ni yeye aliyeshika pembe ya shuka. Ni yeye aliyekaa kwenye benchi, akasimama sebuleni, akasimama mahakamani na kujibu maswali ya wakili bila kuinamisha kichwa. Ungemwona, ungepasuka kifua kwa fahari. Mmoja katika ile sitini na moja uliyoiogopa ni damu yako, na wengine wengi wamo humo kwa sababu yake.

Lakini kuna jambo la pili, na hili naliandika mkono ukiwa mzito, maana wewe ndiye uliyenisomesha na sijawahi kukukosoa. Kabla ya siku ile ya mashuka, mtoto alikaa na jambo hili karibu mwezi mzima, hali chakula vizuri, halali usingizi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Nilidhani ataniambia alimwogopa yule mtu, au aliogopa maneno ya wenzake. Alisema, baba akijua atanitoa chuo. Alikukumbuka wewe mezani, siku ile binti wa jirani alipopata matatizo masomoni kwake, ukasema wangu ningemrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Wewe uliongea ukaendelea kula. Yeye alisikia.

Miaka yote umekuwa ukiwaambia watu kwa majivuno kwamba binti yako hajawahi kukuletea shida hata moja. Kaka, hiyo ndiyo sifuri. Hata kwako kulikuwa na ngao ukutani, na mwenye kuilinda ulikuwa wewe. Sikuandikii kukuumiza. Najua ulivyompenda tangu alipokuwa anatoshea kwenye beseni. Lakini ukija kumtoa hapa, utakuwa umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kunyamaza.

Ukutani zahanatini kwako umeandika kwa rangi nyekundu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Binti yako amekua akiusoma ukuta huo. Alichofanya ni kukutii.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi njoo, tena njoo na gari, ila sanduku lake halitaingia ndani yake. Afande ameniahidi kukupikia chai. Binti atakupeleka kwenye benchi mkae wawili. Usimwambie ungeniambia, usimwambie ningejua. Muulize tu ilikuwaje mwanangu, kisha unyamaze mpaka amalize, hata akichukua mchana mzima. Wewe hufanya hivyo kwa wagonjwa wako kila siku.

Nisalimie mama, mwambie mjukuu wake amewashinda wanaume wawili kwa siku moja, mmoja fundi na mmoja wakili, atafurahi kuliko dawa. Nisalimie wifi, na umwambie mafuta ya mgongo aliyonitumia yamefanya kazi mpaka nikaruka mahakamani. Nakutakia afya njema, usingizi mzuri, na moyo mpana.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Mikosi.

Nilikuwa nafunga bahasha, binti yako akaingia, mwavuli wangu hakuuleta, akasema niongeze mstari wake: Baba, sihami. Lakini nakusubiri.